Mhariri, hizi gemu za njozi nazo ni hadithi

Kwa Mhariri,

Juzi mlichapa barua ya msomaji mmoja akilalamika juu ya gemu za video, akasema vijana wanakesha mbele ya skrini wakiua mazimwi na ndani yake hakuna hadithi yoyote, ni kelele na damu tu, afadhali wangekuwa wanasikiliza ngano za wazee. Nimeisoma mara mbili nikiwa kazini. Sina ubaya na yeye, na inaonekana anajali watoto wa wenyewe, lakini kuna kitu hajakiona ambacho mimi nakiona kila siku kuanzia watoto wakitoka shule mpaka saa mbili usiku nikifunga mlango, ndio maana nimeamua niandike.

Mimi niko na kibanda cha gemu huku Umoja. Televisheni tatu. Mbili ni za mpira, shilingi 20 mechi moja, na hizo ndizo zinalipa kodi na stima. Ya tatu iko pembeni karibu na dirisha na hiyo ni ya hadithi. Hakuna mtu analipia hiyo, manake gemu ya hadithi haiishi kwa dakika kumi, inaweza kula saa hamsini, saa mia moja, sasa mtoto utamlipisha vipi? Hivo naicheza mwenyewe wateja wakipungua, na watoto wanakaa sakafuni ama juu ya kreti za soda wanaangalia. Na kwa vile maneno yote yameandikwa Kizungu na wengine bado wako gredi ya tatu, gredi ya nne, mimi huwa nayasoma kwa Kiswahili kwa sauti, kila mhusika na sauti yake, mzee wa kijiji nampa sauti ya kukwaruza na mfalme nampa ya puani. Nilianza hivi hivi tu kuwasaidia waelewe. Saa hii nikisoma kwa sauti yangu ya kawaida wananikatalia, "Anko, huyo si ndiye yule mchawi, mbona umembadilisha?"

Kwa hivyo naongea kama mtu ambaye amekuwa fanani bila kupanga.

Chukua Skyrim, ile ilitoka 2011, nayo karibu kila mtu ameshika pedi ya kuchezea gemu anaijua. Inaanza uko kwa mkokoteni wa farasi, mikono imefungwa, mbele yako wafungwa wengine na mmoja wao amezibwa mdomo kabisa juu sauti yake yenyewe ni silaha. Mnapelekwa kukatwa vichwa. Askari anasoma majina kwa orodha, akifika kwako hakuoni, anakuuliza wewe ni nani, na hapo hapo ndipo mchezaji anachagua awe mwanamke ama mwanaume, awe wa ukoo gani, sura yake iweje, aitwe nani. Halafu shingo inawekwa kwa gogo, shoka linainuliwa, na joka linatua juu ya mnara. Hapo watoto huwa wameshika vichwa vyao wenyewe.

Na si hiyo moja tu. Hao hao Bethesda, kampuni iliyotengeneza Skyrim, kwa Morrowind ya 2002 unaamka ukiwa mfungwa ndani ya meli, kwa Oblivion ya 2006 unaanzia ndani ya seli. Mara ya kwanza nilidhani wameishiwa na maneno. Baadaye nikaelewa ni sheria ya usimulizi, tena ya maana, juu mfungwa ni mtu amevuliwa kila kitu, hana mali, hana kazi, hana jirani wa kumsemea, kwa hivyo kijana wa Umoja akiingia ndani ya hiyo ngozi inamtosha bila kushonwa upya. Sasa linganisha na Fumo Liyongo. Liyongo naye alifungwa, na mtu yeyote amesoma shule anakumbuka venye mamake alimwokea mkate na tupa ikafichwa ndani, na venye kelele za ngoma ya gungu zilifunika sauti ya tupa ikikata minyororo. Lakini Liyongo alifungwa kwa sababu kila mtu alimjua ni nani. Huyu wa gemu amefungwa na hakuna anayemjua. Moja ni hadithi ya jina ambalo tayari ni kubwa, nyingine ni ya jina ambalo halijaandikwa bado, na gereza ni lile lile. Huo ndio uhusiano ninaotaka msomaji mwenzangu auone, kwamba hawa watu wa mbali wanatumia mbao zile zile za kujengea, ila nyumba wanaisimamisha vingine.

Kuna shujaa asiyesema. Hii ilizoeleka sana kwa gemu za Wajapani, tangu Dragon Quest ya 1986, na Crono wa Chrono Trigger ya 1995 naye ni hivo, gemu karibu nzima hutasikia neno lake. Wengine wanamwongelesha, wanalia mbele yake, wanamtukana, na yeye kimya. Watu huona ni uvivu wa mwandishi. Mimi sioni hivo, juu nikiwa nacheza na mfalme amuulize Crono swali, unajua nani hujibu? Watoto. Wanajibu kwa sauti kubwa, wote pamoja, ile nafasi iliachwa wazi na wao wameijaza. Nyanya yangu hakuwahi kusema "Paukwa" halafu akaendelea mbele bila kungoja. Alingoja. Kama hatukuitikia "Pakawa" hadithi haikuanza, alikuwa anaendelea kuchambua mboga zake kama hatupo, mpaka tuamke. Ukichagua jibu kwa skrini, niende ama nisiende, nimsamehe ama nimuue, huko ndiko kuitikia. Tofauti ni kwamba hapa kuitikia kwako kunaweza kubadilisha hadithi, na hiyo nyanya hakuiweza, ingawa tukisinzia alikuwa anafupisha.

Sasa nataka niseme ya Aerith, juu hiyo ndiyo ilinifanya nianze kuchukulia hii kitu kwa uzito.

Final Fantasy VII ni ya 1997. Unamfuata Cloud, kijana wa upanga mkubwa kuliko yeye, anafanya kazi ya kulipwa, hataki mambo ya watu. Kwa mji wa Midgar anakutana na Aerith, msichana anauza maua mahali maua hayamei. Anaingia kwa kundi lenu. Na kwa hizi gemu mtu akiingia kwa kundi inamaanisha unamlea, unampa silaha, unamnunulia kinga, unapigana naye mapigano mia mpaka anapata nguvu, unajua yeye ndiye wa kuponya wengine. Ukizoea unamtegemea. Halafu mnafika mahali pa kale pamejaa ukimya, amepiga magoti anaomba, anainua macho anamwona Cloud, na Sephiroth, adui wenu mkubwa, anashuka kutoka juu na upanga mrefu anamchoma mgongoni. Basi. Hakuna kumwokoa. Cloud anambeba anamlaza ndani ya maji.

Siku hiyo kibanda kilikuwa na watoto tisa. Kulikuwa kimya mpaka wale wa mpira wakageuka kuangalia kuna nini. Halafu kijana mmoja wa gredi ya saba, nitamwita tu yule kijana, akaniuliza, "Anko, si tuko na Phoenix Down?"

Nieleze kwa asiyejua. Kwa hiyo gemu kuna manyoya ya ndege yanaitwa Phoenix Down, mwenzako akianguka vitani unamtumia moja anaamka. Tulikuwa nayo zaidi ya ishirini, tulikuwa tumenunua, tumeokota, tumeyatumia kwa huyo huyo Aerith mara nyingi sana. Na kijana anauliza sawasawa. Kwani hii kifo ni ya aina gani ndio dawa isifanye kazi?

Nilikuwa bado natafuta jibu stima ikapotea.

Gemu zile za zamani hujiwekei kumbukumbu popote unapotaka, kuna mahali maalum, na sisi tulikuwa hatujafika hapo. Kwa hivyo kila kitu tangu mara ya mwisho kilikuwa kimeenda. Watoto walipoelewa hivo hawakusikitika, walishangilia! "Anko, tumerudi nyuma! Hajakufa! Stima ikirudi tusimpeleke huko." Wakaanza kupanga mikakati gizani, mwingine anasema tumpe kinga kali zaidi, mwingine anasema tukae tu huku nje tupigane na wanyama wadogo, hadithi isifike huko. Nikawasha tochi ya simu nikaiweka juu ya televisheni. Na yule kijana, juu stima ilikuwa inachelewa na hakuna mtu alitaka kwenda nyumbani, akasimama akasema "Hadithi hadithi!" na wenzake wakaitikia "Hadithi njoo!" akaanza kuisimulia ile gemu tangu mwanzo, treni, kiwanda, kanisa lililobomoka lenye maua ndani, akaweka hata zile sauti zangu. Alisimulia kwa dakika arobaini hivi. Alikosea mahali pawili na akasahihishwa na mtoto wa gredi ya nne.

Stima ilirudi, tukacheza tena kwa siku mbili, na alikufa tena. Ilibidi. Mwandishi ameifunga hiyo njia, uende hivi uende vile atakufa.

Nililala nikiwaza lile swali la Phoenix Down na jibu nililowapa siku iliyofuata ni hili, na ningependa walimu wa fasihi simulizi wanisahihishe kama nimekosea. Nikawauliza, kwa ngano ya zimwi, zimwi limemeza kijiji kizima, shujaa akilishinda linasema nini? Wote wanajua: nikate kidole changu kidogo. Kidole kikikatwa watu wote wanatoka, na ng'ombe wanatoka, na hakuna aliyekufa kweli. Haya, na Liyongo alipochomwa na sindano ya shaba kwa kitovu, tena na mwanawe mwenyewe, aliamka? Wakasema hapana. Alikufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, mpaka watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yuko hai, lakini alikuwa amekufa. Kwa hivyo hata sisi tuko na vifo viwili. Kifo cha ngano kinarudishwa, kifo cha mighani, zile hadithi za mashujaa kama Liyongo, hakirudi. Hii gemu imechukua vyote viwili ikaviweka ndani ya nyumba moja, vita vinafuata sheria za ngano na hadithi inafuata sheria za mighani, na uchungu ule watoto walisikia unatoka pale penye sheria moja inaachia nyingine bila kuwaambia. Walikuwa wanadhani wako salama ndani ya ngano.

Sijui kama kuna mtu Japani aliifikiria kwa maneno hayo. Lakini Umoja ilieleweka hivo na ikaeleweka vizuri.

Watoto wakienda nyumbani wanakuja wakubwa, wa boda, wa kinyozi jirani, na hao nawachezea mambo mengine ambayo si ya watoto, na hili naliweka wazi kwa huyo msomaji mwenzangu kwa sababu hofu yake ya damu haikuwa bure. The Witcher 3 ya 2015, kutoka Poland, si ya mtoto. Lakini ndani yake kuna sehemu ambayo ningekuwa mwalimu wa kidato cha tatu ningeifundisha chini ya ngano za mtanziko, zile ambazo kila unachochagua kina ubaya wake. Geralt anawinda mazimwi kwa malipo. Kuna baroni mlevi, mkewe ametoroka juu alikuwa anampiga. Kuna vikongwe watatu wa kinamasi wanaokula watoto yatima. Na kuna roho imefungwa ndani ya mti, inakuambia nifungue nitaokoa wale watoto. Ukiifungua, kweli watoto wanaokolewa, lakini roho inateketeza kijiji cha jirani, yule mke anakufa kwa laana na baroni anajinyonga. Ukiiua, watoto wanaliwa, mke anarukwa na akili lakini yuko hai, na yule mume mlevi anambeba kwenda mbali kumtafutia tiba.

Hakuna njia nzuri. Hakuna alama inakuambia umeshinda. Tulikaa hapo usiku huo hakuna aliyetaka kubonyeza. Wakabishana mpaka nikachelewa kufunga, mmoja anasema watoto kwanza kila wakati, mwingine anasema watu wa kijiji nao wana watoto. Na mtu wa boda, mtu mzima na familia yake, ambaye kwa kawaida huwa anacheka na kila mtu, akasema polepole, "Huyu baroni ni kama mzee wangu." Hakuongeza. Tulimwachia yeye pedi.

Ile ngano ya mtanziko tuliyosoma shuleni, mume amevuka mto na mashua inazama, aokoe mamake, mke ama mtoto, mwalimu alitupa tujadili halafu kengele ikalia. Hapa kengele hailii mpaka uchague, na ukishachagua unatembea ndani ya ulichochagua kwa masaa, unakutana na watu wake. Hicho ndicho hizi gemu zinaweza ambacho kitabu hakiwezi, nami nakipenda kitabu.

Na wenzi wa safari. Huko ndiko waandishi wazuri wa hizi gemu wanaonekana. Baldur's Gate 3 ya 2023, imetengenezwa na Larian wa Ubelgiji, kila mtu kwa kundi lako ana siri yake na ana maoni yake juu yako. Ukisema neno huku unaona pembeni kwamba fulani amependezwa, fulani hajapendezwa, na ukifanya unyama mkubwa kuna wale wanakuacha, wanaenda zao kabisa, nguvu zote ulizowapa wameenda nazo. Kijana ambaye nyumbani haambiwi kitu akasikia anajifunza kwamba mtu anaweza kukukalia kimya na bado anakuhesabia.

Lakini nisije nikaonekana nasifia kila kitu. Kuna sheria zao zingine zinanichosha sana. Ile ya mteule, kwamba unabii uliandikwa miaka elfu iliyopita na ni wewe, na ni damu yako, na ndio maana unashinda, hiyo siipendi hata kidogo. Sungura wetu hakuwa mteule wa mtu. Hakuzaliwa na alama begani. Anamshinda simba kwa sababu amefikiria, na mtoto mdogo wa kwa fundi wa viatu akisikia hadithi ya sungura anajua hata yeye anaweza, lakini akisikia ya mteule lazima kwanza ajue babake ni nani. Halafu zile kazi za kutumwatumwa, niletee ngozi kumi za mbwa mwitu, ukileta anataka kumi za dubu, hapo hakuna hadithi, ni saa zinajazwa tu, na nikifika hapo watoto wenyewe wanahama wanaenda kuangalia mpira. Hadhira haidanganyiki.

Na wanawake kungojea kuokolewa. Hii imepungua lakini bado ipo. Ndio maana nilifurahi nilipopata Aurion, ya 2016, imetengenezwa Yaoundé na Kiro'o Games, Wakameruni. Inaanza na harusi na kutawazwa siku moja, Enzo mrithi wa ufalme wa Zama na Erine mkewe, na shemeji mtu anapindua serikali siku hiyo hiyo. Kwa hivyo mnaenda uhamishoni mkiwa mume na mke tayari, mnapigana pamoja, na nguvu yenyewe inatoka kwa mababu waliotangulia, si kwa unabii wa mtu mmoja. Hebu ona, wameamua tu kwamba shujaa ameoa kabla hadithi haijaanza, na tayari kitu kizima kimegeuka, maswali ni mengine. Shemeji ni adui, na huyo shemeji ni kaka wa mkeo. Hapa mtaani kila mtu anaelewa uzito wa hiyo bila kufafanuliwa. Kilichoniuma ni lugha tu, Kifaransa na Kiingereza, nami nikarudi kwa kazi yangu ya kutafsiri.

Halafu 2024 ikaja Tales of Kenzera: ZAU. Si ya kuigiza mhusika na kundi kama hizo zingine, ni ya kuruka na kupigana, lakini naiweka hapa kwa sababu moja. Aliyeianzisha ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza ambaye asili yake ni huku kwetu Kenya, aliitengeneza baada ya kumpoteza babake, na unaweza kuichagua iongee Kiswahili. Zau anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, anamwambia nirudishie Baba nami nitakuletea roho tatu kubwa. Siku ya kwanza nimeiwasha nilifungua mdomo nianze kusoma, kama kawaida yangu, na sikuwa na kazi. Wahusika walikuwa wanaongea wenyewe. Watoto wakanigeukia kuniangalia, kama wanauliza sasa wewe? Mama mboga wa hapo nje alikuwa amekuja kubadilisha noti, akasimama mlangoni na hiyo noti mkononi, akasikiliza mpaka sehemu ikaisha, akauliza, "Babake alikufa na nini?" Huyo mama kwa miaka yote hajawahi kuuliza swali hata moja juu ya kitu kwa hizo televisheni. Aliuliza kwa sababu alielewa. Ilikuwa lugha tu, hakuna kingine kilikuwa kimebadilika.

Ndio nafika kwa kile nilitaka kusema tangu mwanzo, Mhariri. Gazeti lenu lina kurasa nzuri za fasihi, mnachambua riwaya na tamthilia za shuleni, mnaandika mpira kurasa nne, mnaandika filamu. Hizi hadithi ambazo vijana wanakaa nazo saa mia moja hamjaziandikia hata nusu ukurasa. Mtu akiandika juu yake ni kulaumu, na aliyelaumu hajaketi nazo. Naomba mtu wa fasihi aje aketi. Aandike kwa Kiswahili, atupe maneno, juu mimi hapa nimebaki kukopa ya ngano na mighani na mtanziko kutoka darasani miaka ile, na ninaona yanatosha vizuri, lakini mtu mwenye elimu angefika mbali kuliko mimi. Na waandishi wetu wa Kiswahili, wale wanangoja wachapishaji miaka na miaka, wajue kwamba gemu haiandikwi na fundi wa kompyuta peke yake, kuna mtu amekaa akaandika kila neno la yule mzee wa kijiji.

Juu hadithi ziko. Kwetu ni Ahero, si mbali na mto Nyando, na nyanya alikuwa anatupa ya Lwanda Magere, mpiganaji wa Wajaluo ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, mikuki ilikuwa inamgonga inaanguka. Maadui, watu wa Lang'o, wakamletea msichana mrembo awe mke wake. Siku moja akaugua, akamwambia mke amchanje dawa, si kwa mwili, kwa kivuli. Mke akachanja kivuli damu ikatoka. Usiku akatoroka akaenda kuwaambia watu wake, na vita vilivyofuata wakachoma kivuli, akafa, akageuka jiwe, na jiwe linasemwa liko huko mpaka leo. Niliwasimulia watoto hii siku moja stima haikurudi kabisa. Sikuwaambia inahusiana na gemu.

Yule kijana wa Phoenix Down alinyamaza halafu akaniuliza swali ambalo nyanya hakuwahi kuulizwa na mtu kati yetu wajukuu wote. "Anko, na tukicheza kama yule mke?"

Manake hebu fikiria. Msichana wa Lang'o, pengine kaka zake wameuawa na huyo huyo mtu wa jiwe. Anatumwa. Hakuna aliyemuuliza. Anaishi kwake, anapika, anaona venye anacheka na watoto, anaona venye anaugua usiku. Halafu anaambiwa ile siri kwa mdomo wa mgonjwa, na amebakia na mlango wazi na usiku mmoja. Aende ama akae? Sisi siku zote tumesimama upande wa Lwanda na kumwita msaliti. Huyu kijana ameshika pedi miaka mitatu na amezoea kuingia kwa ngozi ya mtu mwingine na kuulizwa utafanya nini, ndio maana akamwona.

Amenunua kitabu cha mazoezi cha kurasa 96 na anaandika. Upande wa kushoto wa kila ukurasa ameandika anachoona mke, upande wa kulia anachosema mchezaji, na kila penye kuna kuchagua amechora mshale mbili, mmoja unaenda ukurasa fulani na mwingine ukurasa mwingine. Amefika pale kivuli kinachanjwa. Ameniambia amekwama kwa sababu ameandika miisho mitatu na wa tatu unamliza.

Amenituma nikuulize kama gazeti huwa linachapa hadithi ya gemu ambayo haijatengenezwa. Nimemwambia nitauliza.

Msomaji wenu,
Umoja, Nairobi